Junkers F 13 au de Havilland DH.34: ajali za ndege ipi uanze kuzisoma?

Kila muhula wanafunzi wangu wa ufundi wa ndege hutakiwa kuchagua ndege moja ya zamani ya abiria, yenye injini moja, na kuandika kwa kina kuhusu ajali zake: zilitokeaje, zilichunguzwaje, na ni nini kilichobadilika baada yake. Majina mawili hujitokeza kuliko mengine yote, nayo ni Junkers F 13 ya Ujerumani na de Havilland DH.34 ya Uingereza. Nimeziweka ndege hizi mbili hapa sambamba ili anayechagua, awe mwanafunzi, mwalimu au msomaji anayependa tu historia ya anga, ajue kila moja itampa nini na itamnyima nini. Suala lenyewe halijapitwa na wakati katika eneo letu, kwa kuwa hadi leo ndege za injini moja ndizo zinazowapeleka wageni wengi Maasai Mara na Serengeti, ndizo zinazovuka bahari kwenda Unguja na Mafia, na ndizo zinazowafuata wagonjwa mahali ambapo barabara hukatika wakati wa masika.

Vyombo vyenyewe

Junkers F 13 iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 25 Juni 1919 huko Dessau, ikiwa ndege ya kwanza ya abiria duniani kuundwa yote kwa metali. Hugo Junkers na wahandisi wake waliivika duralumini yenye mikunjo, inayofanana sana na mabati tunayoezekea nyumba, wakaipa bawa moja la chini lisilo na nguzo wala nyaya za kulishikilia. Abiria wanne walikaa katika chumba kilichofungwa na chenye joto, wakiwa na mikanda ya kujifunga, jambo ambalo mwaka 1919 lilikuwa geni kabisa. Marubani wawili ndio walioachwa mbele yao wakipigwa na upepo. Injini za mwanzo zilikuwa ndogo, kwa mfano ile ya BMW ya nguvu za farasi 185, na baadaye zikaja kubwa zaidi. Ndege za aina hii zilizotengenezwa zilizidi 300, zikaenda Ulaya, Asia na Amerika zote mbili, nyingine zikiwa na magurudumu, nyingine na maboya ya kutulia majini, nyingine na mbao za kuteleza juu ya theluji.

DH.34 ilikuja mwaka 1922, na ilikuwa kiumbe cha aina nyingine: mabawa mawili, moja juu ya jingine, mwili wa mbao na plaiwudi, na mbele yake injini moja kubwa ya Napier Lion yenye nguvu za farasi 450. Ilichukua abiria tisa au kumi. Zilitengenezwa 12 tu, nyingi zikifanya kazi kati ya London na bara la Ulaya chini ya kampuni za Daimler Airway na Instone, kisha chini ya Imperial Airways ilipoundwa mwaka 1924.

Kuna jambo moja katika umbo la DH.34 ambalo huwataka wanafunzi waliangalie kabla ya kusoma ajali yoyote. Chumba cha abiria kilipangwa hivi kwamba injini nzima ya akiba iliweza kupakiwa ndani, ikapelekwa kwa ndege nyingine iliyokwama njiani. Waliobuni ndege hii walijua vizuri kwamba injini itakufa. Walichokifikiria ni ucheleweshaji, yaani abiria waliokwama shambani wakisubiri fundi. Hawakuupa uzito uleule muda mfupi ulio kati ya injini kunyamaza na magurudumu kugusa ardhi, na ni katika muda huo ndipo watu walipokufa.

Hesabu zisikupotoshe

Kosa la kwanza la anayelinganisha ni kuhesabu ajali. F 13 ina orodha ndefu kwa sababu zilikuwa nyingi, ziliruka kwa miaka mingi, na zilipelekwa katika nchi ambazo hazikuwa na viwanja, ramani wala utabiri wa hali ya hewa. DH.34 ina ajali mbili kubwa zilizoua, zenye jumla ya vifo 13, lakini ajali mbili katika kundi la ndege 12 ni ndege moja katika kila sita. Hata hesabu hii haitoshi, maana kipimo cha haki ni saa za kuruka au safari zilizofanywa, na ndege zenyewe hazikuruka sawasawa. Kwa hiyo chagua kwa kutazama aina ya ajali na ubora wa uchunguzi, na idadi uiweke kando.

DH.34: kasi, kiwanja na dakika ya mwisho

Tarehe 14 Septemba 1923, DH.34 yenye usajili G-EBBS ya Daimler Airway ilikuwa ikitoka Croydon, kiwanja cha ndege cha London, kwenda Manchester katika hali mbaya ya hewa. Karibu na Ivinghoe, kaskazini-magharibi mwa London, rubani alijaribu kutua kwa dharura, ndege ikapoteza kasi na kuanguka. Wote watano waliokuwamo, wahudumu wawili na abiria watatu, walikufa.

Miezi 15 baadaye, mchana wa tarehe 24 Desemba 1924, G-EBBX ya Imperial Airways iliondoka Croydon kwenda Paris ikiwa na rubani na abiria saba waliokuwa wakisafiri mkesha wa Krismasi. Haikufika mbali. Ilianguka karibu na kiwanja chenyewe na kushika moto, na wote wanane walikufa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ajali ya kwanza ya Imperial Airways kuua watu, nayo kampuni ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja.

Ukizisoma ajali hizi mbili pamoja utaona zina mfupa mmoja. Katika zote mbili kilichoua ni ndege kukosa kasi wakati rubani anatafuta mahali pa kutua. Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa hupita juu yake kwa mpangilio. Kasi ikipungua mno, au pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa hiyo huachana na bawa, na ndege ambayo sekunde moja iliyopita ilikuwa ikielea huporomoka kama kiroba kilichodondoshwa kutoka begani. Rubani aliyepoteza injini karibu na ardhi huvutwa na mambo mawili yanayopingana, kwa maana anataka kuinua pua ili avuke miti na nyumba zilizo mbele yake, ilhali usalama wake unamtaka aishushe ili alinde kasi aliyonayo. DH.34 ilikuwa na kasi kubwa ya kutua kwa viwango vya wakati ule, na baadhi yake baadaye ziliongezewa urefu wa mabawa, zikaitwa DH.34B, ili ziweze kuruka polepole zaidi bila kuporomoka.

Kinachoifanya ajali ya Croydon kuwa hazina kwa mwanafunzi ni yaliyofuata. Mwanzoni mwa mwaka 1925 ulifanyika uchunguzi wa hadhara, wa kwanza nchini Uingereza kuhusu ajali ya ndege ya kiraia, ambapo mashahidi waliitwa na kuhojiwa mbele ya umma. Ilielezwa kwamba ndege iliporomoka wakati rubani akijaribu kutua kwa lazima. Mjadala, hata hivyo, haukuishia kwa rubani wala kwa injini. Watu waliuliza pia kuhusu kiwanja chenyewe: ardhi yake ya mabonde na miinuko, barabara ya Plough Lane iliyokikata, na nyumba zilizokuwa zikikisogelea. Mwaka huohuo wa 1925 ilipitishwa sheria ya kukipanua kiwanja cha Croydon, barabara ile ikafungwa, na majengo mapya yakafunguliwa mwaka 1928. Imperial Airways nayo iliziondoa DH.34 kazini mwaka 1926, ikaelekea kwenye ndege za injini zaidi ya moja, kama Armstrong Whitworth Argosy iliyokuwa na injini tatu.

Ni nadra kupata ajali ambayo ndani ya miaka michache unaweza kuifuatilia kutoka kwenye mabaki hadi kwenye chumba cha uchunguzi, kutoka hapo hadi bungeni, na kutoka bungeni hadi kwenye udongo wa kiwanja. Mwanafunzi anayejifunza kuhusu ajali mara nyingi hudhani kazi yake inaishia kwenye chuma kilichovunjika, na DH.34 humtoa hapo bila kumchosha.

F 13: sababu nyingi chini ya jina moja

F 13 haina mfupa mmoja. Ndiyo faida yake na ndiyo shida yake.

Tuanze na moto. Mwaka 1920 ndege hizi ziliuzwa Marekani kwa jina la JL-6, na huduma ya posta ya nchi hiyo ikazinunua kwa ajili ya kubeba barua. Tarehe 1 Septemba 1920, moja ilishika moto angani karibu na Morristown, New Jersey, ikamuua Max Miller, rubani wa kwanza wa kiraia kuajiriwa na huduma hiyo, pamoja na fundi wake. Tarehe 14 mwezi huohuo nyingine iliteketea Pemberville, Ohio, ikaua wawili tena. Februari 1921 ya tatu ilianguka La Crosse, Wisconsin, na watatu wakafa. Lawama kubwa iliangukia mirija ya mafuta: mirija migumu iliyofungwa kwenye chombo kinachotikisika siku nzima hupata nyufa, na mafuta yakidondoka karibu na injini ya moto, matokeo yake hayahitaji kuelezwa. Kwa fundi chipukizi hii ni sura muhimu kuliko zote, kwa sababu mrija wa mafuta ni kitu atakachokishika kwa mikono yake kila wiki. Ndege ileile ilisifiwa kwa mwili wa metali usioshika moto kirahisi kama mbao na kitambaa, na hata hivyo ikawaka kutokana na kitu kilicho chembamba kuliko kidole.

Kisha kuna ajali ambazo chombo hakikuwa na kosa kubwa. Tarehe 8 Juni 1924, F 13 ya maboya iliyoitwa Tolima, mali ya kampuni ya SCADTA ya Kolombia, ilianguka Barranquilla na kumuua mwenyekiti wa kampuni hiyo, Ernesto Cortissoz, ambaye uwanja wa ndege wa jiji hilo una jina lake hadi leo. Tarehe 12 Julai 1932, F 13 nyingine ilipaa kutoka Otrokovice huko Chekoslovakia katika ukungu mzito ikaanguka muda mfupi baadaye, ikamuua rubani na mwenye kiwanda cha viatu Tomáš Baťa. Jina hilo halihitaji kutambulishwa kwa Mkenya aliyewahi kununulia mtoto viatu vya shule, maana kiwanda cha Bata cha Limuru kimevishona vizazi kwa vizazi. Ajali ya Baťa inafundisha jambo ambalo hakuna injini ya pili inayoweza kulitatua, nalo ni uzito wa neno la mwenye mali mbele ya rubani aliyeajiriwa naye. Bosi akisema twende, ukungu au pasiwe na ukungu, rubani anahitaji sheria iliyo juu ya wote wawili ili aweze kukataa bila kupoteza kazi.

Lakini ajali ya F 13 iliyo nzito zaidi kitaalamu ni ya Meopham, katika jimbo la Kent. Tarehe 21 Julai 1930, ndege yenye usajili G-AAZK ilikuwa ikirudi Croydon kutoka Le Touquet, Ufaransa, ikiwa na watu sita, miongoni mwao watu mashuhuri wa tabaka la juu la Uingereza. Watu waliokuwa ardhini walisikia mngurumo juu ya mawingu ya chini, kisha wakaona vipande vikidondoka. Ndege ilikuwa imevunjika hewani, na hakuna aliyepona.

Wataalamu wa Uingereza walitumia miezi kadhaa wakichunguza mabaki na kufanya majaribio kwa mifano midogo katika njia za upepo, yaani mirija mikubwa ambamo hewa hupulizwa kuipita mifano hiyo, na maelezo yao yalikuwa mapya. Kwa mujibu wao, ndege iliingia katika hewa iliyokuwa ikipanda kwa nguvu ndani ya mawingu. Bawa likajikuta katika pembe ambayo hewa huachana nalo, na hewa hiyo iliyovurugika ikarudi nyuma na kuupiga mkia mapigo ya haraka hadi ukakatika. Wajerumani hawakuridhika na maelezo hayo, na kutokubaliana huko hakukuizima thamani ya kazi iliyofanyika: mtikisiko wa mkia unaotokana na bawa ukawa somo rasmi la uhandisi. Ripoti yenyewe ilitolewa kwa umma mwaka 1931, wakati ambapo ripoti za kitaalamu za ajali za ndege zilikuwa zikifungiwa makabatini.

Uchunguzi wa aina mbili

Hapa ndipo ulinganisho unapomsaidia anayechagua kuliko mahali pengine. Croydon 1924 ni uchunguzi wa mashahidi na maswali: nani alikagua injini, nani aliruhusu ndege iondoke, kiwanja kilikuwaje. Anayeuchagua atahitaji uvumilivu wa kusoma maneno ya watu, kuyapima, na kuona jinsi shahidi mmoja anavyoona moshi pale ambapo mwingine hakuona kitu. Meopham 1930 ni uchunguzi wa hesabu na majaribio. Anayeuchagua lazima aelewe jinsi hewa inavyopita juu ya bawa, la sivyo atabaki kunakili maneno ya ripoti bila kuyatawala, na mwalimu ataligundua hilo katika ukurasa wa pili.

Ajali za Marekani za JL-6 ziko katikati. Zinamfaa mwenye mikono ya ufundi, lakini zinahitaji tahadhari moja: ndege ile ilibadilishwa jina na kuuzwa na wakala, na usipokumbuka kwamba JL-6 ni F 13 utaziacha nje ya hesabu au utazihesabu mara mbili.

Kuhusu injini kuwa moja, usitarajie F 13 ikujibu. Meopham isingezuiwa na injini ya pili, wala ya Baťa. Swali hilo linaulizwa na DH.34, na lilijibiwa kwa Imperial Airways kuhama. Junkers mwenyewe alitengeneza G 24 ya injini tatu mwaka 1924, ingawa baadaye baadhi ya ndege hizo ziligeuzwa kuwa za injini moja, F 24, jambo linaloonyesha kwamba suala la gharama halikuwahi kufungwa. Ju 52, ambayo dunia inaikumbuka kwa injini zake tatu, nayo ilianza na moja.

Jibu jingine lilikuja kwa njia ya kasi ya kutua. Kanuni za Marekani za kuidhinisha ndege ndogo ziliweka kwa miaka mingi kikomo kwa zile za injini moja: ziwe na uwezo wa kuruka bila kuporomoka kwa kasi isiyozidi noti 61, yaani takriban kilomita 113 kwa saa, ili ikibidi kutua shambani, ndege iguse ardhi polepole kiasi cha kumwacha mtu hai. Cessna Caravan, ambayo kila anayepita uwanja wa Wilson jijini Nairobi ameiona, ilitengenezwa chini ya kanuni ya namna hiyo. Mwanafunzi wetu anayetaka kuunganisha historia na kiwanja atakachofanyia kazi atapata kamba hiyo kwa kuanzia Ivinghoe na Croydon.

Kwa anayeitaka Afrika Mashariki ndani yake

Wapo wanaoniambia kwamba ndege zote mbili ziko mbali na sisi. Kwao ninapendekeza de Havilland DH.50, ndogo kuliko DH.34, yenye nafasi ya abiria wanne, iliyoanza kuruka mwaka 1923. Alan Cobham aliitumia kuruka kutoka Uingereza hadi Cape Town na kurudi kati ya Novemba 1925 na Machi 1926, akipitia Khartoum, Jinja, Kisumu na Tabora. Mwaka 1927 DH.50 ya maboya iliyoitwa Pelican, katika jaribio la kuunganisha Khartoum na Kisumu kwa njia ya Nile na Ziwa Victoria, iliharibika kwa kugonga kitu kilichoelea majini. Ni ajali isiyo na vifo wala uchunguzi mkubwa, na kwa sababu hiyo insha yake huishia kuwa ya historia ya usafiri badala ya usalama. Ichague ikiwa ndicho unachokitaka.

Ninavyoshauri

Anayeandika kwa mara ya kwanza achague DH.34. Ajali ni mbili, ndege ni 12, sababu inaeleweka bila hesabu ngumu, na mabadiliko yaliyofuata yana tarehe. Hatapotea njiani. Hasara yake ni kwamba hataweza kwenda kuitazama ndege yenyewe, kwa kuwa hakuna iliyobaki.

Anayejiamini katika sayansi ya hewa achague F 13, lakini asijaribu kuibeba yote. Achukue Meopham peke yake, au moto wa Marekani peke yake. Kila nilipomwona mwanafunzi akitaka kuzikusanya ajali za F 13 tangu 1920 hadi 1932, alitoka na orodha ya vifo badala ya uchambuzi. Faida anayoipata ni kwamba chombo kipo cha kugusa: zimehifadhiwa F 13 katika makumbusho ya Munich, Le Bourget na Stockholm, na nyingine mpya iliyoundwa kwa kufuata ile ya zamani iliruka Uswisi mwaka 2016.

Anayesomea sheria au usimamizi wa viwanja, kwa upande wake, hana haja ya kusita. Achukue ramani ya Croydon ya mwaka 1924, aiweke Plough Lane juu yake, atie alama mahali G-EBBX ilipoanzia mbio na mahali ilipoangukia, kisha aanze kuandika kutokana na umbali huo.